Gumzo la ukoo: Neema yuko Bremen

Neema: Kamweneni nyote, na wazee wangu shikamooni. Leo niko Bremen, Ujerumani, pamoja na wenzangu wawili wa chuoni, mmoja Mnamibia na mwingine Mkameruni. Tumekuja kwa treni kutoka Hamburg, safari ya kama saa moja, na nimeona ni vyema niwaandikie kwa kirefu kwa sababu mji huu unatuhusu sisi watu wa Kalenga, Iringa: hapa ndipo lilipopatikana fuvu la Mtwa Mkwawa, yaani chifu wetu sisi Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Andika bila haraka, sisi tupo tunasoma.

Neema: Tulianzia kwenye uwanja wa soko, mbele ya ukumbi wa jiji. Hapo imesimama sanamu ya mawe ya Roland, shujaa mwenye upanga na ngao, yenye urefu wa zaidi ya mita 5, ambayo wenyeji waliisimamisha mwaka 1404 kuwa alama ya uhuru wa mji wao. Iliyotangulia ilikuwa ya mbao, na iliteketezwa kwa moto mwaka 1366 na watu wa askofu mkuu aliyetaka kuutawala mji. Hii ya sasa inatazama kanisa kuu, upande ule ule uliokuwa na mamlaka ya askofu, na kwenye ngao yake yamechongwa maneno yanayotangaza uhuru wa wenyeji. Tangu 2004 sanamu hiyo na ukumbi wa jiji vimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Shangazi wa Kihesa: Hongera mwanangu. Na wale wanyama wanne waliopandana ambao watu hupiga nao picha, umewaona?

Neema: Nimewaona, Shangazi. Wako ubavuni mwa ukumbi huo huo: chini punda, juu yake mbwa, kisha paka, na jogoo kileleni. Ni shaba, kazi ya Gerhard Marcks ya mwaka 1953. Watu hushika miguu ya mbele ya punda kwa mikono miwili wakiomba heri, na pale wanaposhika pamesuguliwa hadi panang'aa kama dhahabu, ilhali mwili uliobaki umefifia. Sisi pia tulishika.

Baba Mkubwa: Mwaka huo wa 1953 ndio Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda hapo Bremen kutafuta fuvu la Mtwa Mkwawa kwenye jumba la makumbusho. Umefika kwenye jumba hilo?

Neema: Nimefika, Baba Mkubwa. Linaitwa Übersee-Museum na liko jirani kabisa na stesheni kuu ya treni, kwa hiyo kila anayeshuka kwenye treni analiona. Nilisimama mbele ya mlango wake nikawasimulia wenzangu habari za Lugalo, ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891, za kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, na jinsi Mtwa alivyojiua kwa risasi mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa ugenini. Walinisikiliza bila kunikatiza, na yule Mkameruni akaniuliza ilichukua muda gani kurudishwa.

Kaka Tito: Ungemweleza kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ile ikawa miaka thelathini na mitano.

Neema: Nilimweleza hivyo hivyo, Kaka. Na hapo ndipo lilipo jambo lililonigusa zaidi ya majengo yote ya leo. Mji uliotunza kwa zaidi ya miaka 600 sanamu ya uhuru wake ulikuwa na kila sababu ya kuelewa kwa nini Wahehe hawakuacha kudai kichwa cha kiongozi wao.

Baba Mkubwa: Umesema kweli. Mimi nilikuwa mtoto mdogo tarehe 19 Juni 1954, Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake hapa Kalenga. Wazazi wetu hawakuchoka kuisimulia siku ile.

Mama Mdogo wa Mafinga: Je, katika mji wenyewe kuna mahali panapokiri habari za ukoloni, au wamenyamaza?

Neema: Papo, Mama Mdogo. Nyuma ya stesheni, katika bustani yenye jina la Nelson Mandela, kuna tembo mkubwa wa matofali, mwenye urefu wa mita 10. Alijengwa miaka ya mwanzo ya 1930 kuwatukuza Wajerumani waliokufa wakipigania makoloni, lakini mwaka 1990, Namibia ilipopata uhuru, mji ulimtangaza kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Karibu naye kuna mawe yaliyoletwa kutoka Namibia kuwakumbuka Waherero na Wanama, watu wa Namibia waliouawa na Wajerumani. Mwenzetu Mnamibia aliinama akaligusa jiwe moja moja, akatuambia kwamba ukoo wa bibi yake unatoka huko.

Shangazi wa Kihesa: Mpe pole kutoka kwetu, na umwambie kwamba akija Iringa atafikia kwangu.

Neema: Nimemwambia, Shangazi, na ameshukuru sana. Amekubali kuja Julai, nami nimemwahidi kumpeleka Kalenga na kwenye kaburi la Mtwa huko Mlambalasi.

Baba Mkubwa: Basi nijulishe tarehe mapema, ili nizungumze na wazee wa Kalenga wampokee inavyostahili.