Trakea (bomba la hewa): ukuta wake wa ndani ni tabaka moja la seli au nyingi?

Mwanafunzi wa maabara: Wakuu naombeni msaada, slaidi ya trakea kwenye hadubini viini vya seli vimekaa juu chini juu chini, mbona tunaambiwa ni tabaka moja?

Fundi slaidi: Ni tabaka moja, kila seli pale imekanyaga utando wa chini (ule unaobeba seli) ila si zote zinafika juu, ndo maana viini vinapishana. Tafuta silia (vinyweleo vidogo juu ya seli) na seli za ute. Halafu cheki ilivyokatwa, unene wa mikroni 4 au 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) unatosha, ila tishu ikilala vibaya kwenye nta inayoishikilia ikakatwa mshazari hata tabaka moja litaonekana mengi, hii inawasumbua wengi sana.

Dada Histo: Na tishu iwahi kuingia fomalini (dawa ya kuihifadhi) ya asilimia 10, ikichelewa seli zinaanza kuharibika na silia huzioni tena.