Naomba ushauri: bastola ya Glock 19 au CZ P-01 kwa joto hili la Mombasa?

Salaam aleikum ndugu zangu. Leseni ninayo, na kasha la chuma nyumbani lishafungwa ukutani. Nauza jumla Kongowea, nafunga usiku nikiwa na pesa, na kila siku navuka feri ya Likoni. Sasa nimekwama kwenye bastola mbili, zote milimita 9.

Glock 19 ni nyepesi, fremu ya plastiki, risasi 15. Haina nyundo ya nje wala swichi ya usalama ya kidole gumba. Usalama wake uko kwenye kifyatulio chenyewe. Hapo ndipo roho yangu inaposita, kwa sababu nina watoto, na mimi huvaa shati jembamba linalonasanasa.

CZ P-01 ina fremu ya alumini, inakaribia gramu 800. Nyundo unaiona, na kuna wenzo mdogo wa kuishusha bila kufyatua risasi. Mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mzito, unaofuata mwepesi. Napenda hilo, ila mwalimu wa shabaha aliniambia anayeanza huipeleka kombo risasi ya kwanza. Kweli, yangu ilienda kombo!

Uzito naweza kuuvumilia. Swali langu kubwa ni jasho na chumvi ya bahari. Hata kufuli la duka langu hushika kutu. Mnaobeba kiunoni hapa Pwani, ipi inahimili? Mnapaka mafuta kila baada ya siku ngapi? Na ala ya ngozi au ya plastiki ngumu? Ya ngozi naona italoa tu.