Mjadala: Aproni ya risasi kwenye eksirei ya meno, tuidai au tuiache?

Mwanzisha mada: Wakuu, mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani (ADA) kilipendekeza mgonjwa wa eksirei ya meno asivikwe tena aproni ya risasi (vazi lenye madini mazito ya kuzuia mionzi) wala kola yake ya shingoni, hata akiwa mtoto au mjamzito. Hapa Tabora asipovikwa anaona amedharauliwa. Je, ni kinga au mazoea?

Mionzi_Cheyo: Mazoea. Mwale hauelekezwi tumboni, na ile mionzi kidogo inayofika huko hupitia ndani ya mwili wenyewe, ambako aproni haizuii kitu. Dozi inategemea mdomo wa mashine (pale mwale unapotokea), aina ya filamu, na kutorudia picha. Chukua seti ya picha 18 za kinywa kizima. Mdomo wa mstatili na filamu ya F (ya kasi, inayohitaji mionzi kidogo) ni takriban mikrosiveti 35, hicho ndicho kipimo cha dozi. Mdomo wa duara, filamu ileile, kama 170. Duara na filamu ya D (ya polepole, inayohitaji mionzi zaidi), karibu 390. Mionzi ya asili humpa mtu wastani wa 2,400 kwa mwaka. Yaani siku tano za mionzi ya asili dhidi ya miezi miwili, na aproni bado iko ukutani.

Isevya77: Hesabu hizohizo zinakugeuka, mkuu. Wamarekani wanazungumzia mwale uliobanwa kwa mdomo wa mstatili, pamoja na vihisi vya kidijitali badala ya filamu. Palipo na mdomo wa duara na filamu ya D, tezi ya shingo ya mtoto iko jirani kabisa na ukingo wa mwale. Hapo kola ibaki mpaka mashine ibadilishwe. Nimesema kola, aproni siipiganii.

Mionzi_Cheyo: Kwa picha ndogo za ndani ya mdomo, sawa. Kwa mashine inayozunguka kichwa, hapana. Kola inatupa kivuli cheupe juu ya taya la chini, picha inarudiwa, mtoto anakula dozi mara mbili kwa jina la kukingwa.

Chumba_cha_Giza: Mnabishania nguo, ndoo za dawa ya kusafishia filamu mmezisahau! Filamu nyingi huharibikia kwenye dawa, mgonjwa akiwa ameshashuka kitini. Kusafisha kwa mkono ni dakika 5 kwenye nyuzi 20. Joto la Oktoba hapa mnalijua: dawa ikipata moto na muda usipopunguzwa, filamu inatoka nyeusi. Dawa ikichoka, inatoka hafifu, na mpigaji mvivu badala ya kuimwaga anaongeza muda wa mionzi. Huyo mgonjwa aproni imemsaidia nini? Alama kama za tairi maana yake filamu iliwekwa kinyume, karatasi ya risasi ya ndani ya pakiti ikatangulia. Kona nyeupe yenye ukingo wa mviringo, mdomo wa mashine haukulengwa. Mizizi iliyorefuka ajabu, pembe ya mwale ilikuwa ndogo mno.

Binti_Gongoni: Sasa mgonjwa wa kawaida aulize nini? Na mjamzito?

Isevya77: Dada, mjamzito aseme ana mimba, kisha picha ya jino linalouma ipigwe, jipu la jino ni hatari kuliko picha. Wengine waulize: picha hii itaamua nini? Mtu mzima asiye na uozo, picha za kukagua zinamtosha kila miezi 24 hadi 36. Mwenye meno yanayooza oza, miezi 6 hadi 18. Ukipewa rufaa kutoka Nzega au Urambo, njoo na filamu yako, usipigwe upya bure. Kibali cha mashine kutoka Tume ya Nguvu za Atomu nacho uliza, si utovu wa adabu.

Mionzi_Cheyo: Na mhudumu asimshikie mgonjwa filamu mdomoni, kuna kishikizo. Mpigaji akae mita 2 nje ya mwale. Mtoto asipotulia, ashikwe na mzazi, na hapo ndipo aproni ina kazi: avae mzazi. Baadaye itundikwe. Ikikunjwa, risasi inapasuka ndani na kwa nje huoni kitu.