Baba anakuja kutoka Kibosho mwezi wa saba: nimpeleke bustani ya Chatsworth au nitakuwa nimetupa hela?

Binti Kibosho (Leeds), 11 Juni 2019

Habari za humu, wakubwa. Naombeni ushauri, na ombi la pili ni kwamba mume wangu asiuone uzi huu.

Baba yangu ana miaka 74. Anakuja Uingereza kwa mara ya kwanza wiki ya pili ya Julai, atakaa wiki tatu. London tutaenda siku moja aone daraja na jumba la kifalme, hilo halina mjadala. Ila kazini kila ninayemwambia anajibu neno moja: Chatsworth. Ni jumba la kale kule Derbyshire, la ukoo wa Cavendish, na bustani yake ina ekari 105. Wanasema kiangazi hakuna pazuri zaidi. Nikaangalia tiketi za watu watano, nikaifunga simu. Mume wangu akanimaliza kabisa: "Mzee ametoka kihambani kwake, kijani mwaka mzima, halafu wewe umlipie kiingilio akaangalie majani?" Nikakosa jibu.

Mzee mwenyewe si mtu wa maua. Ni mtu wa migomba na kahawa, analima kihamba chake, yaani shamba la ukoo aliloachiwa na babu, na kwa miaka mingi alikuwa kwenye kamati ya mfongo wetu, mfereji unaoteremsha maji kutoka Mlima Kilimanjaro, wale wanaogawa zamu za maji. Goti la kushoto linamsumbua, ngazi nyingi hapandi. Na akichoka hasemi. Ananyamaza, ukimuuliza anakwambia "niko salama."

Kuna aliyempeleka mzazi kule? Kuna kitu cha kumsimamisha mtu kama huyu? Na bila gari tunafikaje, maana letu liko kwa fundi tangu Pasaka.

Dereva wa Usiku, 11 Juni 2019

Mchaga alipie kuona mgomba? Shemeji nampa kura yangu. Mpeleke Old Trafford apige picha, watu wa kijiweni Kibosho watamwelewa haraka zaidi.

Nesi wa Tukuyu (Sheffield), 12 Juni 2019

Binti Kibosho, mpeleke. Dereva apuuzwe.

Mimi nilikwenda Julai mwaka jana na mama mkwe wangu, mkulima wa Rungwe, miaka 70 na ushee. Nilikosea jambo moja, wewe usilikosee: nilianza na jumba. Vyumba vile havina mwisho, dari zimechorwa watu wanene wanaoelea mawinguni, na mama alikuwa anatembea shingo imepinda kama kuku anayeangalia mwewe. Tulipotoka kwenye bustani alikuwa hana tena miguu. Anzeni nje, asubuhi, jumba libaki kuwa la mvua ikinyesha.

Mnakumbuka ukame wa mwaka jana? Nyasi za Uingereza nzima ziligeuka rangi ya mkate. Basi tukasimama kwenye uwanja mkubwa wa nyasi upande wa kusini wa jumba, mama mkwe akaangalia chini muda mrefu, akasema: "Hapa palikuwa na matuta." Nikamwambia mama, ni nyasi tu. Akachora kwa fimbo hewani: tuta hapa, njia hapa, duara pale. Baadaye mlinzi akatueleza kwamba kweli, chini ya nyasi ipo bustani ya maua ya mwaka 1699 iliyofukiwa, na ukame ule ulikuwa umeichora upya, kwa sababu nyasi hazikaukii sawasawa juu ya njia za kale na juu ya matuta. Mama mkwe hakumsikiliza hata. Yeye alishajua.

Kwa hiyo baba yako usimwonyeshe maua. Mwonyeshe maji.

Mbele ya jumba kuna bwawa refu, na katikati yake maji yanaruka juu. Maji hayo yanaitwa ya Mfalme Mkuu, kwa sababu mwaka 1843 Duke wa sita wa Devonshire alisikia mfalme wa Urusi, Nikolai wa Kwanza, huenda akamtembelea, akataka kumtia kiwewe. Mtunza bustani wake, Joseph Paxton, akachimbisha ziwa la ekari nane juu mlimani, usiku watu wakichimba kwa mwanga wa taa, akalaza bomba la chuma hadi chini. Miezi sita kazi imekwisha. Yaliporuka yalifika mita 90. Hakuna pampu, hakuna injini, ni mteremko tu: ziwa liko zaidi ya mita 100 juu ya jumba, maji yanasukumana yenyewe. Mgeni hakutokea. Alifika Uingereza mwaka 1844, Chatsworth hakwenda, na jina likabaki lake hadi leo. Siku za kawaida hawayaachii yote, wanaogopa ziwa lisikauke. Maji hayohayo yaliwahi kuzalisha umeme wa jumba kuanzia 1893, na tangu 1988 yamerudishwa kwenye kazi hiyo.

Halafu kuna maporomoko ya ngazi, ya miaka zaidi ya 300. Ngazi 24 za mawe zinazoshuka kilimani, maji yakitambaa juu yake. Kila ngazi imepimwa tofauti na mwenzake, kwa hiyo sauti ya maji inabadilika unavyoshuka. Watoto walikuwa wanavua viatu wanaingia. Mama mkwe naye alivua. Akakaa pembeni, akaosha miguu, akaniambia nikachukue chakula nimkute palepale. Nilimkuta palepale.

Na umsimulie habari za Paxton, wazee wanampenda. Mwaka 1826, akiwa na miaka 22, alifika mara ya kwanza saa kumi na nusu alfajiri, akakuta geti limefungwa. Akapanda ukuta. Akazunguka bustani yote peke yake, saa kumi na mbili akawapanga vibarua kazini, akafungua maji ayaone, kisha akaenda kunywa chai kwa msimamizi wa jumba, akampenda mpwa wake, binti naye akampenda. Yote hayo kabla ya saa tatu asubuhi. Wakaoana kweli.

Usafiri: treni Leeds hadi Sheffield, halafu basi la 218 linaloelekea Bakewell. Linawashusha karibu na jumba. Kama una kadi ya National Trust, wale watunza majumba ya kale, iache nyumbani, Chatsworth haimo humo, ina mfuko wake. Chakula bebeni, pa kukaa ni pengi. Kwa goti, omba njia zisizo na ngazi pale mlangoni, na msiingie kule panapoitwa Ngazi Mia. Jina lake si utani.

Mwana wa Bukoba, 12 Juni 2019

Nesi umesahau la maana kuliko yote! Binti Kibosho, unasema baba yako ni mtu wa migomba. Basi mwambie kimalindi, ule mgomba mfupi, kilipata jina lake la kizungu palepale.

Ilikuwa hivi. Paxton alipata mche wa mgomba mfupi uliotokea China kupitia Mauritius, akaupanda kwenye nyumba ya vioo yenye joto. Novemba 1835 ukatoa mkungu, Mei iliyofuata ukawa na ndizi zaidi ya mia. Akaupa jina la ukoo wa bosi wake, Cavendish. Wamisionari wakabeba machipukizi hadi visiwa vya Samoa. Wakati huo dunia ilikuwa inauziana ndizi nyingine, ile ambayo sisi upande wa Kagera na Uganda tunaiita bogoya. Ugonjwa wa mnyauko wa Panama ukaiteketeza mashamba kwa mashamba, kufika miaka ya 1950 na 1960 wafanyabiashara wakahamia Cavendish kwa sababu yenyewe ilistahimili. Ndiyo mnayonunua Leeds kila siku, zote zinafanana kama sare za shule.

Asije mtu akasema humu kwamba ndizi zetu zilitoka Derbyshire. Ndizi zetu za kupika, mchare na matoke, hazihusiani kabisa, na huo mgomba wenyewe ulikuwepo kwingine kabla ya Paxton. Kilichotoka pale ni jina, na machipukizi yaliyosafirishwa. Bado wanao mmoja kwenye nyumba yao ya vioo. Nyumba hiyo haiwi wazi kila siku, ila mgomba unaonekana kwa nje.

Ile nyumba kubwa ya vioo ya Paxton haipo tena. Ilikuwa na urefu wa mita 84, boila nane chini ya ardhi, na makaa ya mawe yakiletwa kwa kireli cha handakini ili wageni wasione moshi. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, makaa hakuna, mimea ikafa kwa baridi, mwaka 1920 wakailipua kwa baruti. Leo mahali pake kuna mzingile wa ua wa miti. Watoto wako watapotelea humo nusu saa, mkae mpumzike.

Wa Kitale, 13 Juni 2019

Mnasifu mandhari, sawa, ni mazuri. Lakini mkiwa kwenye basi angalieni upande wa pili wa mto Derwent. Kulikuwa na kijiji hapo, Edensor. Nyumba zilizoonekana kutoka jumbani ziliondolewa, kwa vile zilimharibia Duke macho. Sehemu yake iliondolewa karne ya 18, na iliyobaki Paxton akaja kuijenga upya nyuma ya kilima kuanzia 1838, kila nyumba na mtindo wake kama maonyesho. Imebaki nyumba moja peke yake uwandani. Sisi wa Bonde la Ufa tukiona bonde tupu lililopendeza hivyo huwa tunauliza waliokuwamo walikwenda wapi. Si kwamba msiende. Nendeni, lakini mwelezeni mzee na hilo.

Nesi wa Tukuyu (Sheffield), 13 Juni 2019

Wa Kitale, kweli kabisa, na sikuliandika. Angalau hao walijengewa, na wakajengewa vizuri, ila kama waliulizwa ni jambo jingine.

Mwelezeni na hili basi, kwa kuwa Wachaga na kihamba ni kesi ya kudumu. Duke wa kumi alimkabidhi mwanawe mali kabla hajafa, maana wakati huo ukiishi miaka mitano baada ya kukabidhi, serikali ilikuwa haikati kodi ya urithi. Akafa Novemba 1950, zikiwa zimebaki wiki 14. Kodi ilikuwa asilimia 80. Waliuza ardhi na picha, wakatoa jumba lao jingine la Hardwick, na deni likachukua miaka mingi kuisha. Ndiyo sababu mojawapo leo wewe na mimi tunalipa kiingilio.

Binti Kibosho (Leeds), 16 Julai 2019

Wakuu, mrejesho.

Tulikwenda Jumamosi. Mzee alivaa koti la kanisani na kofia, na ile fimbo anayosema si ya goti. Mvua ilinyesha hadi saa nne, halafu jua. Kwenye mawaridi alipita mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. "Mazuri." Mume wangu akaniangalia. Mpaka hapo nilikuwa nimeshindwa.

Tukafika kwenye bwawa. Maji yakawa yanaruka, upepo unayalaza upande. Baba akasimama. "Pampu iko wapi?" Nikamwambia hakuna, kuna ziwa kule juu msituni. Akageuka akauangalia mlima, akaufuata kwa macho taratibu kutoka juu hadi chini, akasema, "Basi ni mfongo."

Kuanzia hapo goti halikutajwa. Alitaka apande hadi ziwani. Nikakataa, akataka, nikakataa, tukapatana kuishia kwenye maporomoko ya ngazi. Akakaa kwenye benchi karibu na maji, kofia magotini. Kijana mmoja mtunza bustani akapita na toroli, baba akanivuta: muulize nani anafungua maji asubuhi. Muulize tope linatolewa mwezi gani. Muulize majani yakiziba mdomo wa bomba wanajuaje wakiwa huku chini. Kijana akaliweka toroli pembeni. Walizungumza karibu dakika ishirini, mimi katikati nikitafsiri maneno ambayo sijawahi kuyahitaji kwa Kiingereza. Mwisho walikuwa hawanihitaji, wanaonyeshana kwa mikono.

Mgomba tuliuona kupitia kioo. Akapangusa mvuke kwa kiganja ingawa ulikuwa upande wa ndani. "Kimalindi," akasema, kama amekutana na mtu wa kijijini kwao stendi ya Ubungo. Akauliza kama anaweza kupewa chipukizi moja. Nikamwambia baba, kimalindi kipo nyumbani. "Najua. Nataka hiki kilichozunguka."

Habari ya Paxton aliipenda, ila yeye alishikilia ule ukuta tu. "Aliupanda kabla ya kuajiriwa au baada?" Habari ya wiki 14 ilimuumiza hasa, akatikisa kichwa hadi kwenye geti.

Mume wangu hajasema lolote. Kuna mti wa shaba kule, unafanana na mti wa kweli, na kila tawi linatema maji bila taarifa. Alikuwa amesimama chini yake akisoma kibao.

Kwenye basi tulimwonyesha ile nyumba moja iliyobaki ya Edensor. Baba akanyamaza. Bakewell akanyamaza, kurudi hadi Sheffield akanyamaza. Nikajua nimemchosha. "Baba, umechoka?" "Niko salama." Treni ilipoanza kuondoka ndipo akaniuliza: "Huyu mwenye ziwa la juu, wale waliohamishwa waliwekewa zamu siku gani?"

Sikuwa na jibu. Leo asubuhi kwenye chai ameuliza tena. Wa Kitale, kama unajua, nisaidie kabla hajaondoka.