Barabara ikikatika tena Kilwa masika, mwenye duka Lindi ajipangeje?

MamaDuka_Lindi
Habarini wakuu. Nina duka la vyakula Lindi mjini, jumla na rejareja. Mzigo wangu karibu wote unatoka Dar: sembe, ngano, sukari, mafuta ya kula, vitunguu. Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara kule Kilwa, maeneo ya Somanga, malori yakabaki foleni ng'ambo ya pili. Sukari ndiyo usiseme, ilikuwa imeadimika nchi nzima tangu Januari kwa sababu mvua za El Niño zilizuia kuvuna miwa.

Kilichonishangaza ni sembe. Stoo ilikuwa na mzigo wa kutosha, lakini watu waliposikia malori hayaji, mteja wa kilo mbili akataka kiroba kizima. Nikaweka kikomo, kilo tano kila nyumba. Nilitukanwa, ila hata bibi wa mwisho kwenye foleni alipata unga.

Sasa mtaji wangu si wa kujaza stoo masika nzima. Nyie mnaweka akiba gani? Na kuna anayeleta mzigo kwa njia nyingine isiyo ya Dar?

Mzigo_Masasi
Dada, njia ipo: Songea, Tunduru, Masasi, unashukia Mnazi Mmoja hadi Lindi. Lami tupu siku hizi. Tatizo lenu watu wa pwani mnaikumbuka barabara ikishakatika. Siku hiyo kila mtu anapiga simu, nauli inapaa, na dereva anampakilia kwanza mteja wake wa kila mwezi. Wewe mgeni utasubiri.

Nunua mahindi Songea mwaka mzima hata kama ni magunia machache. Kwa mzigo wa Dar utaona faida imezidi kidogo, sikatai, lakini hiyo tofauti ndiyo bei ya kuwa na namba ya dalali anayekujua. Dizeli pia isikutishe sana, meli za mafuta zinashusha Mtwara, kwa hiyo malori ya huku hayategemei Kilwa.

Ghala_Salama
Naongezea: weka mahindi, siyo sembe. Sembe ikikaa inavunda, mahindi unapeleka mashineni kidogo kidogo. Nunua kuanzia Agosti yakiwa yamekauka. Usimwamini muuzaji kwa maneno. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, hayo bado mabichi, yarudi juani. Mabichi yanaota ukungu, na sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara 2016.

Halafu tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Kamua hewa, funga nailoni ya kwanza peke yake, kisha ya pili, kisha kiroba. Dumuzi anakosa hewa anakufa, hakuna cha dawa. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya uwadhibiti kabla, maana tundu moja tu limeharibu kila kitu.

Babu_wa_Kilwa
Wanangu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulikuwa tunavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikichachamaa hakuna gari. Hatukufa njaa. Kila nyumba ilikuwa na makopa ya muhogo mkavu, mtama na mbaazi. Daraja lilipokuja tukazoea sembe ya Dar, makopa yakaonekana chakula cha maskini. Binti, makopa unayauza? Wakulima wa Lindi vijijini wanayo, wala hayavuki mto wowote wa Kilwa.

MamaDuka_Lindi
Shikamoo babu. Siuzi, wateja wa mjini wananicheka. Ila nitaweka magunia mawili ya makopa pembeni ya mbaazi tuone.

@Mzigo_Masasi umenigusa. Kuanzia msimu huu robo ya mzigo wangu wa sembe nitainunua kama mahindi ya Songea. Vitunguu nitanunua kidogo kidogo tu, havina namna. Swali dogo: wale madalali wa Songea wanapima kwa kilo au kwa gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi?

Mzigo_Masasi
Wote watakwambia kilo. Nenda na mzani wako.