Tupeane uzoefu: kipindi gani kilikushika, na nani alikwambia ukitazame?

Kijana wa Tudor

Asalaam aleikum wadau, na habari za jioni kwa nyote. Nimemaliza tamthilia niliyokuwa naifuata, na tangu hapo ni kubofya rimoti tu mpaka usingizi unichukue. Simu nayo kazi yake ni kunirudishia yale yale niliyokwisha kuyaona. Nikikumbuka vizuri, kila kipindi kilichowahi kunishika barabara niliambiwa na mtu, tena mtu anayenijua. Basi sitaki orodha, orodha zimejaa tele. Nataka usimulie: kipindi gani, nani alikwambia, ulikitazama na nani, na mgeni aanzie wapi. Ukiwa na la kukosoa kosoa, ila useme sababu.

Nafungua mimi. Mwisho wa 2019 nilikuwa nanyolewa pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Taarifa ya habari ya saa moja ikaisha, kinyozi akazima mashine hali upande mmoja wa kichwa haujaguswa. "Ngoja kidogo kaka, Maria hiyo." Ni ile tamthilia ya Citizen TV. Duka zima likanyamaza. Mashine ilipowashwa tena nilikuwa nishajua nani anampenda yule msichana, nani anamchukia, na nani anaficha nini ndani ya lile jumba. Kesho yake nikaitazama nyumbani na sikuiacha mpaka mwisho. Ilikuwa na mwendo. Kila jioni jambo lilisonga, si zile ambazo watu wanakodoleana macho wiki nzima muziki ukipigwa.

Haya, uwanja ni wenu.

Bi wa Kibokoni

Waaleikum salaam mwanangu. Kilichonishika mimi ni Sultan Suleiman, tamthilia ya Kituruki ya sultani na kasri lake, na aliyeniambia ni wifi yangu, ambaye alikuwa haji tena kututembelea jioni. Tulipomuuliza kulikoni akasema njooni nyinyi kwangu, mimi siondoki mbele ya runinga. Tukaenda. Alikuwa na king'amuzi cha Azam, wale waliitafsiri kwa Kiswahili mwanzo mwisho, watu wanasema kwa sauti zao, si maandishi ya kupita chini.

Hilo la sauti nataka nilieleze, maana vijana hulipita juu juu. Mamangu macho yake hayasomi tena. Miaka mingi runinga kwake ilikuwa taarifa ya habari na mawaidha tu, kwa sababu vitu vizuri vyote vilikuwa vya kusomwa. Siku ya kwanza alikaa pembeni anashona kofia yake, hana habari. Akasikia Hurrem, mke wa sultani, anajibizana na mama mkwe. Sindano ikasimama. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kuketi, na akawajua wote kwa sauti kabla sijamwambia ni nani ameingia. Akanuna pale Hurrem alipobadilishwa. Kwa asiyejua, yule mwigizaji wa kwanza, Meryem Uzerli, aliondoka kabla tamthilia haijaisha, akaletwa mwingine, Vahide Perçin, kumwigiza Hurrem wa utu uzima. Wengi mtaani waliachia hapo. Mimi nasema walikosea. Huyu wa pili ana uzito, akinyamaza unaogopa.

La kukosoa: ni ndefu, na vitimbi vya wanawake wa kasri vinajirudia. Ukifika mahali sumu inatiwa tena kwenye chakula, shona kofia kidogo, halafu rudi.

Mtoto wa Mji wa Kale

Bi shikamoo. Mimi ni jirani yako kwa Mturuki, ila yangu ni Ertugrul, ya babake mwanzilishi wa dola ya Waosmani.

Mnakumbuka Ramadhani ya 2020, ya korona. Misikiti imefungwa, kafyu ya usiku, halafu mwezi wa tano serikali ikaufunga Mji wa Kale wenyewe, vizuizi vya polisi kwenye njia za kuingilia. Taraweh tunaswali nyumbani, baada ya hapo kijana huna pa kwenda. Binamu yangu ndiye aliyeniletea habari. Alikuwa akiiona YouTube kwa Kiurdu, maana mwezi huo runinga ya taifa ya Pakistan ilikuwa imeanza kuirusha kwa tafsiri yao na watu wakaifurika. Kiurdu sikijui. Nikaitafuta yenye maandishi ya Kiingereza, tukaitazama sebuleni, mimi nikiwatafsiria wadogo zangu na shangazi kwa sauti. Koo likikauka, kakangu anapokea.

Watoto wa uchochoro wetu waliathirika vibaya. Kila mmoja alitaka kuwa Turgut, yule wa shoka. Vipande vya makasha ya maembe vikachongwa mashoka mpaka wazazi wakalalamika. Bamsi mwenye panga mbili alikuwa na foleni yake pia. Ertugrul mwenyewe hakuna aliyemtaka, ana majukumu mengi.

Nilichokipenda ni kwamba ni watu wanaoswali, wanaomsikiliza mzee, wanaokula pamoja chini, na wao ndio mashujaa wa hadithi. Kwa umri wangu sikuwa nimezoea kuona hivyo. Kwetu sisi mtu mwenye kilemba kwenye muvi mara nyingi ni yule wa kuogopwa. Dada zangu nao walimpata Halime, mke wa Ertugrul.

Mgeni aanze mwanzo, asiruke. Ila ajue kipande kimoja cha asili kinakaribia urefu wa saa mbili, na misimu ni mitano.

Mwalimu wa Historia

Vizuri sana. Niseme kidogo, si kwa kuharibu utamu.

Ertugrul kama mtu wa kihistoria hatumjui sana. Ni babake Osman, aliyeanzisha dola ya Waosmani, na baada ya hapo kumbukumbu za wakati wake ni haba mno. Karibu yote mnayoyaona ni ubunifu wa waandishi, na ni ubunifu mzuri. Suleiman ni tofauti, huyo alitawala 1520 hadi 1566 na maandishi yapo. Hurrem naye alikuwepo kweli na aliolewa na sultani, jambo lililowashangaza watu wa zama zake.

Mimi tamthilia hizi nilionyeshwa na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, waliokuwa wanajua majina ya mawaziri wa Suleiman kuliko ya liwali yeyote wa Mombasa. Sikuwagombeza. Nikaketi nikaitazama, nikaona ndio mlango.

Nikawauliza: mnajua meli za Kituruki zilifika hapa? Darasa likatulia. Miaka ya 1580 alikuja nahodha aitwaye Mir Ali Bey kutoka Bahari ya Shamu, akazunguka miji ya pwani akiiahidi kuiondolea Wareno. Akarudi tena, akajiimarisha hapa kisiwani Mombasa. Mwaka wa 1589 Wareno wakaja na kikosi kutoka Goa. Wakati huo huo Wazimba, jeshi lililotoka bara ya kusini, walikuwa wamepiga kambi ng'ambo wanataka kuvuka. Mji ukawa katikati, moto mbele na nyuma. Ali Bey akashikwa. Miaka minne baadaye Wareno wakaanza kuijenga Fort Jesus, ile ile mnayokwenda kupiga picha. Na aliyekuwa kitini Istanbul wakati huo ni Murad wa Tatu, mjukuu wa Suleiman na Hurrem. Mjukuu wa yule mama mnayemlilia kila usiku!

Hebu nambieni, hiyo si tamthilia? Tena bado sijamtaja Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, akabatizwa, akarudi kuwa mfalme wa Mombasa, kisha 1631 akaingia ngomeni akamuua kapteni. Hapo msimu wa kwanza unaisha wenyewe. Ngome ipo, mitaa ipo, majahazi yapo, mafundi wa nguo wapo. Natamani kabla sijastaafu niione kwenye runinga, kwa Kiswahili chetu.

Bi wa Kibokoni

Mjukuu wa Hurrem! Mwalimu, nimemsomea mama maneno yako sasa hivi. Amesema uje uyarudie kwa mdomo, kahawa ipo.

Dada wa Likoni

Mwalimu umegusa ninapoumia. Mimi nazitazama sana za kwetu, na nazitetea. Nilifurahi kuona Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, watu tuliowazoea kwenye taarifa ya habari, wakifungua Jiffy Pictures na kutuletea Maria, halafu Zora, halafu Sultana mwaka wa 2022. Lakini nina manung'uniko na tamthilia za pwani kwa jumla, sitaji hata moja. Mpwani wa kwenye runinga ana kazi tatu: mganga, tajiri mwenye siri, au mke mwenza mwenye wivu. Jini lazima apite. Baharini watu wanakwenda kufa au kukutana na jini, hakuna anayekwenda kuvua. Nami natoka nyumba ya wavuvi. Kuna visa chungu nzima katika mashua iliyorudi tupu na deni la mafuta linasubiri ufuoni, na hakuna jini hata mmoja ndani yake.

Kisha lafudhi. Mtu amezaliwa mbali, hilo si kosa, lakini anapewa kanga na maneno mawili ya "ewe" na "wallahi" halafu anaambiwa ni Bi fulani wa Mombasa. Sisi tunasikia. Waigizaji wazuri wa hapa wako tele, nimewaona kwenye sherehe za shule na kwenye michezo ya vijana, wanawatoa watu machozi bila kipaza sauti.

Sultana nilielekezwa na mdogo wangu, ambaye haoni. Mhusika mkuu ni msichana asiyeona, na mdogo wangu aliposikia hivyo alikaa akaifuata kwa masikio kila jioni, na ndiye aliyekuwa mkosoaji mkali kuliko sote. Kuna mahali angesema, "Hapa wamepatia, hivyo ndivyo ninavyojua nani kaingia." Mahali pengine, "Hapana, asiyeona nyumbani kwake hapapasi hivyo." Tukajifunza mengi juu yake ambayo hatukuwahi kumuuliza. Kwa hilo peke yake nawashukuru walioiandika.

Fundi wa Magongo

Mimi siko na muda wa misimu mitano. Natoka kazini usiku, bando ni la kubana. Muuza muvi hapa karibu na stejini ndiye mshauri wangu. Nampa fleshi, namwambia wiki hii nimechoka au wiki hii niko sawa, yeye anajua aweke nini. Nikiwa nimechoka ananiwekea muvi za DJ Afro, yule anayezisimulia za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Najua wapo wanaozidharau, lakini mzee yule ana kipaji, mapigano ya Wachina ambayo ungelala nayo yanageuka kikao cha watu. Ghetto nzima huja kusikiliza. Kelele za watu ndizo nusu ya raha.

Nikiwa sawa nataka kitu kifupi. Mwaka 2022 Netflix walitoa Country Queen, ya Kenya, vipande sita basi. Mwanamke wa Nairobi anarudi kwao Ukambani akute kampuni ya madini inataka ardhi. Wanachanganya Kiswahili, Kikamba na Kiingereza vile tunavyoongea kweli. Shemeji yangu ni Mkamba, ndiye aliyenilazimisha. Tuliimaliza Jumamosi moja, na mabishano ya ardhi yakaendelea mpaka Jumapili mchana, maana hapa Pwani nani hana kisa cha shamba na hati. Kasoro: mwisho wake uliniacha na maswali mengi mno.

Wazee nao wasisahauliwe. Babangu nilimtafutia Vitimbi, vichekesho vya runinga vya zamani, YouTube. Mzee Ojwang alitutoka 2015, lakini babangu akimuona anavyomgeukia Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo, na ile suruali yake, anacheka kabla neno halijasemwa.

Kijana wa Tudor

Hapa nimepata kazi ya miezi. Nimechagua Country Queen kwa wikendi hii kwa sababu ni fupi, halafu Ertugrul polepole. Sultan Suleiman nitaomba kuja kuitazama kwa Bi.

Mwalimu, kuna kijana mmoja tunacheza naye mpira Tononoka, ana kamera na vijana wenzake wanapiga video za harusi. Nimemtumia habari za Ali Bey. Amejibu anauliza kama unaweza kumweleza Wazimba walivukia wapi.

Mwalimu wa Historia

Makupa, upande wa kisiwa unaotazamana na bara, ndipo watu walipokuwa wakivuka maji yakitoka. Mwambie aje Jumamosi asubuhi tuonane nje ya ngome, mlangoni. Aje na kalamu, kamera baadaye.

Dada wa Likoni

Nami nitavuka feri nije, mtu wa maandishi mtamhitaji. Mtoto wa Mji wa Kale, swali moja kabla sijaanza Ertugrul: wanangu ni wa miaka saba na tisa. Inafaa?

Mtoto wa Mji wa Kale

Dada, damu ipo, na msimu wa pili Wamongolia wana mateso mabaya, yule Noyan hasa. Msimu wa kwanza kaa nao, rimoti mkononi, uruke penye panga. Wa pili watazame wakishakuwa wakubwa. Na maboksi ya maembe yafiche mapema.