Barua ya bomba la gesi imefika: nisaini au nisisaini?

Mama Neema, Pennsylvania
Ndugu zangu, salaam. Jana nimepata barua ya kampuni ya bomba la gesi. Wanataka kuongeza lupu kando ya bomba la zamani linalopita nyuma ya nyumba yetu, na niwasainie wapimaji waingie uwanjani. Mwisho Ijumaa. Nimepiga simu mara tatu, kila anayepokea ana lake. Swali langu ni moja: nikisaini upimaji, nimekubali na bomba? Nyumba hii tumeinunua mwaka juzi, baada ya miaka kumi na mmoja ya kujinyima.

Baba Salma, Columbus
Pole sana dada. Piga PUC, tume ya jimbo ya huduma kama umeme na gesi, kesho asubuhi. Mimi bili iliponipanda, PUCO, yaani PUC ya huku Ohio, walinisikiliza vizuri.

Fundi, Houston
Baba Salma, usimpoteze mama wa watu. PUC ni wa bomba la mtaani, lile linaloingia jikoni. Linalotoka jimbo moja kwenda jingine ni la FERC, tume ya nishati ya serikali kuu, kwa sheria ya gesi ya 1938. Nimekaa chumba cha udhibiti miaka tisa. Gesi inasukumwa na kompresa, kituo baada ya kituo, kama maili 40 hadi 100 kati yake, na presha inaweza kufika psi (pauni kwa inchi ya mraba) 1,500. Tena kampuni ya bomba siyo mwenye gesi. Tangu amri ya FERC, Order 636 ya 1992, ni msafirishaji tu. Wenye mali ni kampuni za umeme, za mtaani na wafanyabiashara; kila siku wanaandikisha wataingiza kiasi gani na watatoa wapi, na sisi tunalinda presha isizidi wala isishuke. Usiku wa baridi kali, watu wote wakiwasha hita, tunatumia gesi tuliyoishindilia bombani mapema. Lupu ni bomba la pili sambamba na la kwanza, ili ipite gesi zaidi. Dada, docket yako, yaani namba ya kesi pale FERC, inaanza na PF au CP?

Mama Neema
Naona PF na tarakimu, kaka.

Mwalimu, Harrisburg
Basi bado hawajapeleka ombi rasmi. Nguvu ya kuchukua ardhi, iliyoongezwa kwenye sheria mwaka 1947, inakuja na cheti cha FERC, na cheti hawana. Ikigeuka CP, yaani ombi limepelekwa, jiandikishe uwe mhusika wa kesi. Kwa kawaida ni siku 21 tangu tangazo. Kutuma maoni peke yake hakutoshi. Mimi niliandika kurasa nne, nikadhani nimo. Cheti kilipotoka nikataka uamuzi uangaliwe upya, kumbe haki hiyo ni ya wahusika tu, na ndani ya siku 30. Iliniuma.

Baba Salma
Na usalama je? FERC hao hao. Ukisikia harufu uwapigie.

Fundi, Houston
Hapana! Usalama wa bomba likishaanza kazi ni PHMSA, idara ya serikali kuu ya usalama wa mabomba, na ukiona hatari unakimbia kwanza, halafu 911. Na harufu usiitegemee. Dawa ya harufu mara nyingi inatiwa gesi ikifika mjini; bomba kubwa linaweza kuvuja usinuse kitu. Angalia majani yaliyokauka peke yake, vumbi linalorushwa, sikiliza mlio. Shule ya New London, Texas, 1937: karibu watu 300 walikufa, wengi watoto, kwa gesi isiyo na harufu. Na usichimbe hata shimo la mchicha bila kupiga 811, waje wakuonyeshe mabomba yaliyo chini ya ardhi.

Mzee wa Mikindani, Minneapolis
Nasoma haya naiona Mtwara ya 2013, watu walipopinga bomba la gesi kwenda Dar, moshi juu ya mji. Watu hawakukataa gesi, walitaka kujua wao watabaki na nini. Bomba la inchi 36 likafika Dar 2015. Kwetu mkuza, njia ya bomba, ulipita kwenye mikorosho ya bibi. Ilihesabiwa mmoja mmoja. Mwembe alioupanda babu siku aliyozaliwa baba uliandikwa mwembe, basi. Mpaka leo nikifumba macho nauona.

Binti wa Tanga, Toronto
Shikamoo mzee. Sasa na sisi Chongoleani tuna bomba letu la gesi.

Mzee wa Mikindani
Marahaba mwanangu. Lakini hilo la kwenu, EACOP, ni la mafuta ghafi, kilomita 1,443 toka Hoima, Uganda, na yanapashwa moto yasigande. Tusichanganye.

Binti wa Tanga
Fidia ni fidia, mzee. Shamba halijui lililopita ni gesi au mafuta.

Mama Neema
Nawashukuru nyote, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Lakini hiyo ruhusa ya upimaji?

Mwalimu, Harrisburg
Hiyo inategemea sheria ya jimbo, dada. Tafuta wakili wa ardhi kabla ya Ijumaa. Usisaini kitu simuni wala mlangoni.

Mama Neema
Mwalimu, wameshafika. Wawili, na gari jeupe, wamesimama barabarani na karatasi mkononi. Nimewaambia wasubiri.